Kalasha si Mtungi

Mtafsiri wa maandishi ya dini ya Kihindu akikutana na "vyombo vya shaba vya ibada" huona kazi nyepesi: chombo, shaba, ibada, yote maneno tuliyozaliwa nayo. Ugumu huanza vyombo hivyo vinapotajwa kimoja kimoja, na huzidi kwa kimoja kuliko vyote, kalasha, ambacho mkono hukimbilia kukiita mtungi. Nakusudia kuonyesha kwa nini mtungi hautoshi, na kwa nini neno lenyewe la Kisanskriti linastahili kupokewa katika Kiswahili.

Kwanza madini yenyewe. Kiswahili hutumia shaba kwa vitu viwili: shaba nyekundu inayochimbwa Katanga na Zambia, na ile ya manjano, ambayo ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Kwa Mhindu tofauti hiyo ina uzito. Shaba nyekundu, tamra kwa Kisanskriti, huheshimiwa sana kwa kuwekea maji. Ya manjano, pital kwa Kihindi, ndiyo iliyoenea katika madhabahu za nyumbani, kwa kuwa ni ngumu zaidi na hung'aa kama dhahabu kwa bei ambayo wengi wanaimudu. Jina pital linatokana na pita, yaani njano. Waarabu nao huiita sufr, ndugu wa neno lao asfar, njano pia, na ukoo huohuo ndio uliotupa sufuria, ingawa za jikoni leo ni za alumini. Lugha zote mbili ziliitazama rangi kwanza, nasi tukisema "shaba ya manjano" tunakuwa sahihi na tunaeleweka. Iko na ya tatu, kansa, mchanganyiko wa shaba na bati, ambao ukigongwa hulia kwa muda mrefu. Hiyo ndiyo ya kengele, na ndiyo ya uruli, kile chungu kipana cha Kerala. Kuita zote shaba tu ni kumnyima msomaji habari aliyokuwa na haki nayo.

Kupata zinki safi ya kutengenezea shaba ya manjano kulikuwa fumbo la karne nyingi. Zinki hugeuka mvuke kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, kabla shaba haijayeyuka kwenye 1085, hivyo mhunzi aliyeipasha moto bila ujuzi aliiona ikipotea hewani. Huko Zawar, Rajasthan, mafundi wa zama za kati walikeneka zinki kwa kupachika vyungu vya udongo vikiwa kichwachini ndani ya tanuri, mvuke ukashuka chini na kupoa kabla haujaungua. Leo mji wa Moradabad, jimbo la Uttar Pradesh, huitwa mji wa pital kwa wingi wa karakana zake. Katika Jandiala Guru, Punjab, wahunzi waitwao Wathathera bado hufua mabamba kwa nyundo, wakipuliza moto kwa mivukuto ya mkono, na kung'arisha kazi yao kwa mchanga na maji ya ukwaju. UNESCO iliuingiza ufundi wao katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2014. Ukwaju si mapambo ya hadithi: uchachu hula tabaka la juu la shaba lililofifia na kufunua lililo safi. Uchachu huohuo ndio unaofanya mtindi au ndimu visilazwe katika chombo cha shaba, na ndiyo sababu sufuria za shaba za kupikia hupakwa bati kwa ndani.

Sasa ibada. Neno hili kwa masikio yetu linaleta kusujudu, kuimba, kusikiliza mahubiri. Puja ya Wahindu ina sala na nyimbo, lakini uti wake wa mgongo ni ukarimu. Mungu hualikwa akae katika murti, yaani sanamu yake takatifu, kisha hutendewa kama mgeni wa heshima: hupewa kiti, maji ya kuoshea miguu, maji ya mikono, maji ya kusukutulia, huogeshwa, huvishwa, hupakwa msandali, huvukiziwa ubani, huangaziwa taa, hulishwa, na mwishoni huagwa. Huduma hizo huitwa upachara, na orodha kamili huhesabiwa 16. Msomaji akilijua hilo, vyombo vyote hupata maana mara moja. Panchapatra, kikombe kirefu cha shaba chenye kijiko chake, hubeba jina la "vyombo vitano" kwa sababu maji ya mgeni hayachanganywi: ya miguu mbali, ya mikono mbali, ya kinywa mbali. Nyumbani vyombo hivyo vitano vilipungua vikawa kimoja, jina likabaki.

Kwa sehemu kubwa ya vyombo hivi Kiswahili hakihitaji kukopa. Thali inayobeba vifaa vyote ni sinia. Kifukizio ni chetezo, na neno hilo linabeba moshi uleule wa udi na ubani unaojulikana Lamu na Unguja. Ghanta, inayolizwa kwa mkono wa kushoto wakati wa kulia ukizungusha moto, ni kengele. Kile chombo chenye tundu dogo kinachotundikwa juu ya linga, alama ya mungu Shiva, ili maji yadondoke mfululizo mchana kutwa, mimi ningekiita kidondoshi, kwa kuwa kitenzi tunacho na umbo la nomino linakubali. Hata vinavyomiminwa wakati wa kuogesha murti, panchamrita, tunavijua vyote kwa majina: maziwa, mtindi, samli, asali na sukari. Katika vyombo hivi jina hufuata kazi ya chombo, na kazi haibadiliki kwa kuvuka bahari.

Kalasha ndipo mambo yanapogeuka. Chukua lota, chombo cha shaba chenye tumbo pana, shingo iliyobanwa na mdomo uliokunjuka nje, kinachotumika katika nyumba za India kuchotea maji, kunawia na kunywea. Wasanifu Charles na Ray Eames, katika ripoti yao ya 1958 kwa serikali ya India, waliisifu kuliko karibu kila kitu walichokiona huko. Lota hiyo hujazwa maji. Ndani huweza kutiwa sarafu, popoo, manjano na maua. Shingoni hufungwa uzi mwekundu. Mdomoni hupangwa majani ya mwembe, aghalabu matano, na juu yake huketishwa nazi iliyoachiwa kishungi cha makumbi. Chini ya chombo hutandazwa mchele au nafaka nyingine. Kisha anayeongoza puja huita mito saba mitakatifu, Ganga, Yamuna, Godavari, Saraswati, Narmada, Sindhu na Kaveri, iingie katika maji yale, na mungu huombwa akae humo. Tangu hapo kilichopo mbele ya watu ni kalasha, na hutendewa kama murti. Ibada ikiisha mungu huagwa, maji hunyunyiziwa watu na nyumba, na chombo hurudi rafuni kikiwa lota kama kilivyokuwa.

Kwa hiyo kalasha ni jina la hali. Mtungi ni jina la umbo, tena umbo la udongo: mtungi mtupu ni mtungi, na mtungi uliojaa ni mtungi. Vitabu vya kale vya Kihindu husema purna kalasha, kalasha iliyojaa, na ujazo huo ndio moyo wa dhana yenyewe. Muuzaji dukani ataiita kalasha hata ikiwa tupu, lakini anaiita hivyo kwa kazi inayoingoja. Nalo neno halifungwi na shaba. Katika siku ya kwanza ya Navaratri kalasha huwekwa juu ya udongo uliopandwa mbegu, ambazo huchipua kwa muda wa siku tisa za kumtukuza mungu mke, na aghalabu chombo cha siku hiyo ni cha udongo. Anayeandika "mtungi" hapo hakosei kuhusu kitu kilichopo mezani. Anakosea kuhusu kinachotendeka.

Jirani wa karibu wa kalasha ni kumbha, chungu cha maji, ndiyo inayoipa jina lake Kumbha Mela, mkusanyiko mkuu wa mahujaji huko Prayagraj, Haridwar, Ujjain na Nashik. Wanajimu wa India huita kwa jina hilohilo nyota ambayo wanajimu wa pwani yetu huiita Dalu. Masimulizi husema bahari ilipokorogwa na miungu na maadui zao, Dhanvantari, tabibu wa miungu, alitoka majini akiwa na kumbha ya amrita, kinywaji cha kutokufa. Siku yake ni Dhanteras, siku mbili kabla ya Diwali, na familia za Kihindu, zikiwemo za asili ya Gujarat zilizoko Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, huwa na desturi ya kununua chombo kipya cha metali siku hiyo.

Yapo mashaka ya kisarufi ambayo mwanaistilahi hawezi kuyaruka. Kamusi za Kiswahili tayari zina kalasha, neno la biashara ya kale lenye maana ya pembe ya ndovu, na wingi wake ni makalasha. Wako watakaopendekeza kalashi ili kukwepa mgongano, kwa kufuata matamshi ya Kigujarati, ambayo huishia kwenye konsonanti. Sikubaliani nao. Irabu a ya mwisho imo katika Kisanskriti chenyewe, na ngeli inatosha kutenganisha: pembe ibaki katika li-ya, kalasha hili, makalasha haya, chombo kiingie i-zi, kalasha hii, kalasha hizi. Msomaji wa habari za puja hatadhani hata kidogo kwamba pembe ya ndovu imefunikwa kwa nazi.

Na kalasha ya juu ya hekalu? Vile vilele vya metali vyenye umbo la chombo, vinavyosimama juu ya paa, navyo huitwa kalasha, na kusini mwa India vingi hujazwa nafaka ndani kabla ya kufungwa, kwa hiyo hata huko ujazo haukuachwa. Hekalu likikarabatiwa, kwa desturi kila baada ya miaka 12, makuhani hupanda juu na kuvimiminia maji yaliyoombewa katika sherehe iitwayo kumbhabhisheka. Ningeandika "kalasha ya kilele" kwa chombo, na "kuogesha vilele" kwa tendo, kwa kuwa kitenzi ni kilekile tulichokitumia kwa murti kule chini.