Chungu cha Sombe na Nyama ya Moshi Katika Nyumba za Waungwana wa Manyema

Habari za Waislamu wa Manyema zimekwisha kuandikwa mara nyingi, na karibu kila aliyeziandika alianza na pembe za ndovu, akaendelea na bunduki, akamalizia na vita vya Wabelgiji. Mambo hayo yalikuwapo, wala hapana awezaye kuyafuta. Lakini watu wa Kasongo na Nyangwe hawakula pembe wala risasi, walikula sombe. Na mtu atakaye kujua ni kwa njia gani dini iliyokuja na misafara ya pwani ilipata kuwa dini ya wenyeji wenyewe, hana budi kuondoka barazani kwa muda, akaingia uani, akatazama yaliyomo chunguni.

Sombe ni majani ya muhogo yaliyotwangwa, yakapikwa kwa moto wa polepole mpaka yakalainika. Watu wa pwani huyaita kisamvu. Warundi na Wanyarwanda husema isombe. Wasemao Kilingala husema pondu. Na upande wa magharibi, katika nchi ya Wakongo, jina lake ni saka-saka. Wingi wa majina haya humfanya mtu adhani ya kuwa mmea huu ni wa asili ya Afrika. Sivyo. Muhogo ni mzaliwa wa Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta katika pwani ya Kongo na Angola katika karne ya 16, na kutoka huko wenyeji wenyewe waliupitisha kutoka kijiji hata kijiji, wakifuata mito, kabla Mzungu hajaiona mito hiyo. Pwani ya mashariki iliupata kwa njia nyingine, kwa vyombo vya Bahari ya Hindi. Kwa hiyo watu wa misafara walipofika mto Lualaba waliukuta muhogo umekwisha kuwasili kwa mlango wa pili. Na ni ajabu kusikia ya kwamba huko Brazil, katika jimbo la Pará, majani haya haya yangali yakipikwa pamoja na nyama za moshi, nayo hukaa motoni siku nyingi, hata wiki nzima. Ila nyama zao nyingi ni za nguruwe.

David Livingstone alifika Nyangwe mwishoni mwa Machi 1871, akakaa miezi kadhaa akilitazama soko lililokuwa kando ya mto. Aliona wanawake kwa mamia wakija na muhogo, mafuta ya mawese, chumvi, pilipili, samaki, kuku, mbuzi na vyungu vya udongo. Msomaji akivipanga vitu hivyo mbele yake, ataona ya kwamba karibu kila kitakiwacho kwa chungu cha sombe kilikuwapo sokoni siku hizo. Tarehe 15 Julai mwaka ule ule, watu wenye bunduki waliotoka katika kambi za wafanya biashara wa pwani walilipiga soko hilo risasi, na watu wakafa kwa mamia, wengine kwa risasi na wengine kwa kuzama mtoni. Wengi wa waliokufa walikuwa wanawake hao wauzao. Jambo hili halifai kufichwa katika kitabu cha Waislamu. Waliolitenda walijiita Waislamu, na dini haikuwapa ruhusa.

Imepasa kulitaja kwa sababu waliopika katika nyumba za Kasongo na Nyangwe walikuwa wanawake wa nchi ile ile. Watu wa pwani hawakuja na wake zao kwa wingi katika safari ya miezi mingi kutoka Unguja na Bagamoyo kwa njia ya Tabora na Ujiji. Waliooa, walioa huko. Wengine waliwaweka masuria, na wengine wanawake waliingia nyumbani kama mateka, bila ya kuulizwa. Hivyo ndivyo zilivyoanza nyumba nyingi za Waungwana. Mume aliijua Fatiha na desturi za pwani. Mke aliijua nchi, alijua jani lipi lichumwe na mto upi una samaki gani. Ikawa yeye ndiye aliyeamua watu wale nini.

Mtu wa pwani alikijua kisamvu, lakini kisamvu chake kilikuwa cha tui. Huku bara mnazi haupatikani. Kilichokuwapo ni mchikichi, mti wa asili wa nchi hizi za misitu, na mafuta yake mekundu ya mawese. Bila shaka wako waliolalamika siku za kwanza, kwa kuwa msafiri hulalamikia chakula kabla ya kulalamikia jambo jingine lolote. Lakini watoto wao hawakuwa na nazi ya kuikumbuka. Kwa upande wao, watu wa pwani walileta mpunga, wakalima mashamba makubwa katika mabonde ya Lualaba, na Kasongo imebaki nchi ya mpunga mpaka leo. Basi sahani moja ikakutanisha pande mbili: wali wa pwani chini, sombe ya wenyeji juu. Wengine hula sombe hiyo kwa ugali wa muhogo, na hapo mmea mmoja huliwa mzizi na jani katika tonge moja.

Sasa tuingie katika nyama, kwani hapo ndipo penye mambo.

Katika msitu wa Manyema ng'ombe hawastawi, kwa sababu ya mbung'o na maradhi yao. Nyama ilikuwa ya mbuzi, ya kondoo, ya kuku, na zaidi ya yote ya mwituni. Na katika joto lenye unyevu nyama mbichi haikai hata siku mbili. Dawa yake ni moshi. Nyama hukatwa mapande, ikapangwa juu ya chanja ya miti, na chini yake ukawashwa moto mdogo wa kuni ngumu, usiowaka bali ufukao. Baada ya siku mbili au tatu maji yamekwisha toka, nje imekuwa nyeusi na ngumu kama gome, nayo yaweza kubebwa safari ndefu na kukaa muda mrefu jikoni. Nyama kama hiyo haiwezi kuliwa kwa kuchomwa. Inataka chungu na muda. Na sombe nayo inataka chungu na muda. Ndiyo maana viwili hivi vilioana tangu zamani.

Lakini nyama ikiisha kuwa nyeusi, ni nani ajuaye ilikuwa ya mnyama gani? Kipande kilichokaa motoni siku tatu hakina sura. Mbuzi, paa, nyani na nguruwe wa mwitu hukaribiana katika ungo mmoja sokoni. Na hata ikijulikana ya kuwa ni paa, haijulikani alikufaje. Katika Suratul-Maida, aya ya 3, vimetajwa vilivyoharimishwa, na miongoni mwake ni nyamafu, nguruwe, na mnyama aliyenyongeka. Paa aliyenaswa kwa kitanzi cha shingo, akafa kabla mwenye mtego hajamfikilia, ni haramu hata akikaushwa kwa moshi mzuri namna gani. Shingo ndiyo shahidi wa kisu. Ikiisha kuondolewa, hakuna kilichobaki cha kutoa ushahidi ila neno la muuzaji.

Kwa hiyo swali la nyama likawa swali la watu. Nani huyu auzaye? Nani aliyechinja? Mwenyeji asiyekuwa na Kitabu, dhabiha yake haikuwa halali kwa Mwislamu. Siku aliposilimu, kisu kile kile na mkono ule ule vikahalalisha. Hapo masharifu na wafanya biashara wa pwani walipaswa kuchagua. Ama wamkubali Mkusu au Mgenya aliyesilimu jana kuwa ndugu, wale nyama yake. Ama waikatae, na kwa kuikataa waseme ya kuwa shahada yake si kitu. Wala sheria haikuwaachia njia ya kukwepa. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha ya kwamba watu walimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya nyama iletwayo na watu walioingia katika Uislamu karibuni, haijulikani kama wamelitaja jina la Mwenyezi Mungu. Naye akawaamuru walitaje wao wenyewe, kisha wale. Katika fikihi ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya pwani na ndiyo ya Manyema, dhabiha ya mtumwa Mwislamu ni sahihi kama ya bwana wake, na dhabiha ya mwanamke ni sahihi kama ya mwanamume. Mwanamke yule aliyeingizwa nyumbani kwa nguvu, akiisha kusilimu, aliweza kuchinja kuku uani na bwana mkubwa akamla. Haki nyingi alinyimwa, lakini hii hapakuwa na mwanachuoni wa kumnyima.

Wale waliotaka kujitenga na shaka walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kununua mbuzi hai, kumchinja nyumbani na kumkausha nyumbani. Ya pili ni samaki. Mavuvi ya majini yamehalalishwa katika sura ile ile, aya ya 96, nayo hayahitaji kisu wala shahidi. Wagenya, mabingwa wa mitumbwi na mitego ya Lualaba, walikausha samaki wao kwa moshi tangu kabla ya Waarabu kufika. Kwa hiyo sombe ya samaki wa moshi ikaenea katika nyumba za Waislamu, na asemaye ya kuwa imeletwa na umasikini tu hajatazama vema. Katika nyumba nyingi imeletwa na uchaji.

Upishi wenyewe haukubali haraka. Huchumwa majani machanga ya ncha, na vikonyo vyake vigumu hutupwa. Hutwangwa kinuni mpaka yakawa kama unga mbichi, na wengine hutia kinuni humo humo vitunguu na pilipili. Kutwanga huku si kwa ajili ya ulaini peke yake. Katika jani la muhogo imo sumu ya sianidi iliyofungwa; mchi ukilivunja jani, sumu hufunguka, na chungu kikichemka huondoka pamoja na mvuke. Ndiyo sababu wapishi wazoefu huchemsha saa ya kwanza bila ya kufunika. Bibi zao hawakulijua jina la sumu hiyo, lakini walijua ya kuwa chungu kilichofunikwa mapema huumiza tumbo.

Wakati majani yanachemka, nyama ya moshi huloweshwa katika maji ya moto, ikasuguliwa masizi, ikakatwa vipande vidogo. Maji ya kwanza humwagwa, kwa kuwa ni machungu. Kisha nyama hutiwa chunguni, pamoja na vitunguu vya majani na biringanya katika nyumba zenye kupenda, na moto hupunguzwa. Mawese hutiwa baadaye, majani yakiisha kubadilika rangi. Warundi na Wanyarwanda huongeza karanga zilizosagwa. Chumvi hungoja mwisho, kwa sababu nyama ya moshi huja na ukali wake, na aliyetia chumvi mwanzo hana la kufanya tena. Saa tatu si nyingi. Chungu kilichowekwa mafigani baada ya adhuhuri huwa tayari kwa futari, na sombe iliyolala, ikapashwa moto kwa daku, huipita ile ya jana kwa utamu. Katika Maulidi, lakini, pilau hutangulizwa mbele ya wageni, na sombe huachwa nyuma jikoni kama jamaa asiyevaa vizuri. Wanawake huila wao wenyewe wageni wakiisha kuondoka, wala hawaoni hasara.

Nyangwe ilianguka mikononi mwa majeshi ya Dola ya Kongo tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huo. Wakubwa wa pwani wakafa au wakakimbilia mashariki. Wengi walidhani Uislamu wa Manyema utaondoka pamoja nao. Haukuondoka, kwa sababu wakati huo ulikuwa umekwisha kukaa kwa watu wasiokuwa na pwani ya kurudia. Serikali ya Kibelgiji iliwatazama kwa shaka, na skuli zilizopata msaada wake zilikuwa za misioni, ambako mtoto wa Kiislamu alikaribishwa pamoja na ubatizo. Wazazi wengi walikataa, na watoto wakakosa elimu ya kizungu kwa miaka mingi. Gharama hiyo wajukuu wao waliilipa mpaka baada ya uhuru wa 1960. Palipokuwa hapana cheti wala skuli wala kadhi anayetambuliwa, Mwislamu alijulikana kwa vitu vichache: jina lake, kanzu yake ya Ijumaa, namna alivyozika maiti wake, na nyama aliyokubali kuila kwa jirani.

Waungwana walikwisha kutawanyika. Wako waliofuata mto mpaka Kisangani. Wako waliovuka ziwa wakakaa Ujiji, na waliofika Bujumbura, ambako mtaa wa Buyenzi ukawa mtaa wa Waswahili. Wengine walifika hata Dar es Salaam, na huko Kariakoo uko msikiti ujulikanao kwa jina la Manyema. Kila mahali chungu kilibadilika kidogo. Kando ya Tanganyika nyama ya mwitu ilitoweka, na mahali pake wakaingia dagaa, ambao Warundi huwaita ndagala, na migebuka iliyokaushwa kwa moshi. Mawese hayakuwa taabu, kwa kuwa michikichi imejaa Kigoma na Rumonge. Huko Dar es Salaam mawese yalikutana tena na tui, na katika familia moja huweza kupikwa vyungu viwili, mama mkwe akitazama kimoja na mkwewe kingine.

Siku hizi kinu kinasikika kwa nadra mijini. Sokoni iko mashine ya kusaga majani, na mnunuzi hupimiwa sombe tayari katika mfuko. Kazi ya asubuhi nzima imekuwa ya dakika chache, na ni wanawake wangapi watakaosikitika? Moshi, lakini, haujapata mashine. Nyama nyeusi ingali ikipangwa katika ungo, bila ya kichwa wala shingo, na mwanamke wa Kiislamu afikapo mbele yake huuliza kwanza jina la aliyechinja, ndipo akauliza bei.