Mtaa wa Parsons: Jina Lilipohama Kalamazoo, Mafundi Wakabaki

Kiwanda cha magitaa cha Gibson katika mji wa Kalamazoo, jimbo la Michigan, Marekani, kilifungwa mwaka 1984. Jengo lake la matofali, namba 225 Mtaa wa Parsons, lilikuwa likitumika tangu 1917. Humo, kwa miaka 67, yalitengenezwa magitaa ambayo wapigaji wa jazi, bluzi, kantri na roki waliyatafuta kuliko mengine yote. Habari za kufungwa kwake zimeandikwa mara nyingi kama habari za kampuni: nani alinunua, nani aliuza, hasara ilitoka wapi. Mimi nataka kuwafuata waliokuwa wakiingia lango lile asubuhi na kutoka jioni wakiwa na vumbi la mbao nguoni, kwa sababu jina liliposafirishwa kwenda Tennessee, ujuzi ulibaki mikononi mwao.

Jina lenyewe lilikuwa limekwisha kutengana na mwenye jina zamani sana. Orville Gibson alizaliwa mwaka 1856 huko Chateaugay, jimbo la New York, akahamia Kalamazoo na kuajiriwa katika duka la viatu. Muda wake wa ziada aliutumia kuchonga ala. Wazo lake lilikuwa kutengeneza mandolini na gitaa kama mafundi wa Ulaya walivyotengeneza fidla: uso na mgongo wa ala uchongwe kwa patasi kutoka kwenye mbao nene mpaka upate mbinuko, usiwe ubao mwembamba uliopindwa kwa nguvu. Mwaka 1898 alipata hataza ya mandolini yake. Mwaka 1902 wafanyabiashara watano wa mjini wakaunda kampuni yenye jina lake, naye hakuwa mmoja wa washirika hao. Alifariki mwaka 1918, kampuni ikaendelea kukua bila yeye.

Waliofuata walikuwa watu wa karakana. Thaddeus McHugh, fundi wa humo humo kiwandani, alipata mwaka 1923 hataza ya fimbo ya chuma inayolazwa ndani ya shingo ya gitaa na kukazwa kwa nati. Nyuzi za chuma huivuta shingo usiku na mchana, na mbao ikishindwa hupinda. Fimbo ya McHugh huirudisha. Leo si rahisi kupata gitaa la nyuzi za chuma lisilo na fimbo ya aina hiyo, hata yale ya bei ndogo kabisa, lakini wapigaji wanaomfahamu McHugh ni wachache mno. Lloyd Loar, aliyekuwa hapo kuanzia 1919 hadi 1924, anakumbukwa zaidi. Katika kipindi chake, mwaka 1922, zilitoka mandolini ya F-5 na gitaa la L-5 lenye matundu ya umbo la herufi f. Mdororo mkuu wa uchumi ulipoingia, kiwanda kilijinusuru kwa kutengeneza vitu vya mbao vya kuchezea watoto. Mwaka 1936 likatoka ES-150, gitaa la umeme ambalo Charlie Christian alilitumia kuwaonyesha wanajazi kwamba mpiga gitaa anaweza kusimama mbele na kupiga solo kama mpuliza saksafoni.

Mwaka 1944, vita vikiendelea, kampuni ya Chicago Musical Instruments iliinunua Gibson. Ya wakati wa vita nitayarudia baadaye, kwa kuwa yana uzito kuliko nafasi ambayo vitabu vya kampuni viliyapa.

Enzi inayosifiwa kuliko zote ilianza na Ted McCarty, aliyefika mwaka 1948, akawa rais wa kampuni mwaka 1950 na kuondoka 1966. Chini yake ilizaliwa Les Paul mwaka 1952, na mwaka 1958 ES-335 pamoja na Flying V yenye umbo la mshale. Mhandisi Seth Lover alibuni kinasa sauti cha koili mbili zinazofuta mvumo wa umeme, na mvumo ule ulikuwa kero kubwa jukwaani. Majina hayo yamo katika kila kitabu. Lakini tazama kazi yenyewe ilivyofanyika. Uso wa Les Paul ulikuwa wa mbao ngumu ya mepo iliyogundishwa juu ya mahogani. Mashine ilichonga mbinuko kwa kufuata kielelezo, ikaacha mikwaruzo na matuta. Kutoka hapo kazi ilikuwa ya mtu na msasa. Shingo nayo iliviringishwa kwenye mkanda wa msasa unaozunguka, fundi akiishika kwa mikono miwili, akiigeuza, akiisimamisha na kuipapasa kwa kiganja, kisha akiirudisha tena. Kipimo kilikuwa kiganja chake. Ndiyo maana shingo za mwaka mmoja hazifanani, na wakusanyaji hubishana mpaka leo juu ya nene na nyembamba kana kwamba kampuni ilipanga kila milimita. Sehemu kubwa ya wanachokibishania ni tofauti kati ya viganja vya watu wawili waliofanya kazi meza jirani.

Katika karakana hiyo ndimo walimoingia vijana watatu: Marvin Lamb mwaka 1956, J. P. Moats mwaka 1957 na Jim Deurloo mwaka 1958. Walianza chini, kwenye msasa na kazi za mkono, wakapanda ngazi hadi usimamizi. Wakati wao wa ujana ndipo zilipotoka Les Paul za rangi ya machweo, za 1958 hadi 1960, ambazo idadi yake haifiki 2,000. Wakati ule hazikuuzika vizuri, kampuni ikaacha kuzitengeneza. Kisha wapigaji wa Uingereza, akiwamo Eric Clapton, wakazichukua katikati ya miaka ya 1960 na kuzipa sauti iliyobadilisha roki, na mwaka 1968 Gibson ikalazimika kuirudisha Les Paul sokoni. Leo moja ya zile za 1959 huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Waliozipiga msasa walilipwa ujira wa kiwandani, na hakuna senti ya bei hizi iliyowafikia. Sidhani kama ni sawa kuisimulia thamani hiyo bila kulisema hilo.

Anguko lilianza na karatasi za hisa. Mwaka 1969 kampuni mama ilichukuliwa na ECL, kampuni iliyokuwa na biashara ya bia nchini Ecuador, na kundi lililotokana na muungano huo likaitwa Norlin. Ndani ya kundi hilo gitaa lilikuwa bidhaa moja miongoni mwa nyingi. Miili ya magitaa ikaanza kuunganishwa kwa matabaka, shingo zikaunganishwa kwa vipande vitatu badala ya kuchongwa kutoka mbao moja, na uzito ukaongezeka. Kila badiliko lilikuwa na hoja yake ya uimara au gharama; yote kwa pamoja yaliwafanya wapigaji wakimbilie magitaa ya zamani. Wajapani wakati huo walikuwa wakiiga maumbo ya Gibson kwa bei nafuu na kwa ustadi uliozidi kupanda mwaka hadi mwaka.

Katikati ya miaka ya 1970 Norlin ilifungua kiwanda kipya Nashville, Tennessee. Mpango ulikuwa Nashville itengeneze aina chache kwa wingi, Kalamazoo ibaki na aina nyingi zinazotoka kidogo kidogo na zinazohitaji mkono zaidi. Kwa miaka michache viwanda viwili vilikwenda sambamba. Lakini Tennessee ilikuwa na sheria zinazodhoofisha vyama vya wafanyakazi, na kiwanda chake kilijengwa kwa ajili ya wingi. Biashara ilipodorora mwanzoni mwa miaka ya 1980, haikuwa vigumu kubashiri ni kipi kitakachofungwa. Kalamazoo yenyewe ilikuwa ikipata pigo juu ya pigo. Viwanda vya karatasi vilivyoulisha mji vilikuwa vikififia, na kampuni ya Checker, iliyotengeneza hapo teksi za New York, iliacha kuunda magari mwaka 1982. Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya Mtaa wa Parsons.

Baadhi ya wafanyakazi walihamia kusini. Wengi walibaki. Mtu aliyezaliwa mjini hapo, mwenye nyumba, wazazi wazee na watoto shuleni, hawezi kung'oa maisha yake ili afuate mwajiri ambaye amekwisha kumwonyesha kwamba yeye ni gharama. Lamb, Moats na Deurloo, ambaye alikuwa meneja wa kiwanda, walikuwa miongoni mwa waliobaki. Walipanga sehemu ya jengo lile lile, wakanunua baadhi ya mashine kuukuu ambazo wenye mali hawakuona faida ya kuzisafirisha, na tarehe 1 Aprili 1985 wakaanzisha Heritage Guitar, wakiwa pamoja na Bill Paige. Mashine zilikuwa zile zile walizozijua tangu ujana, na kila moja walizijua tabia zake. Waliwaita wenzao waliokuwa tayari kurudi.

Heritage haikuwahi kuwa kubwa. Ilitengeneza magitaa machache, kwa maagizo mengi ya mtu mmoja mmoja, na mnunuzi aliweza kuzungumza na fundi kuhusu unene wa shingo anaoutaka. Gitaa lake la H-150 ni ndugu wa damu wa Les Paul, na H-535 ni wa ES-335. Undugu huo ulileta mvutano. Mwaka 1991 kampuni mbili zilifikia makubaliano kuhusu maumbo ya ala, na mwaka 2020 Heritage ilikwenda mahakama ya shirikisho Michigan kuyatetea. Kisheria umbo ni mali ya kampuni na linaweza kusajiliwa. Ila mtu aliyelichonga umbo hilo kwa miaka ishirini na saba, kisha mwajiri akaondoka, mikono yake ifanye nini? Kwangu mimi Heritage ilikuwa na haki ya kuendelea na kazi ambayo watu wake hawakuwahi kuiacha.

Gibson yenyewe iliuzwa mwaka 1986 kwa takriban dola milioni 5, ikafufuka chini ya Henry Juszkiewicz na wenzake, ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2018, na muda mfupi baadaye ikakifunga pia kiwanda chake cha Memphis. Heritage nayo ilipata wawekezaji wapya wa hapo mjini mwaka 2016. McCarty, akiwa mzee, alitafutwa na Paul Reed Smith, fundi kijana wa Maryland aliyekuwa amekutana na jina lake katika hati za hataza. Smith alimuuliza gundi gani, mbao zikaushwe vipi, kwa nini hivi na si vile. Miaka mingi ilikuwa imepita bila mtu kumwuliza maswali hayo. Mwaka 1994 Smith alitoa gitaa lenye jina la McCarty, na mzee alifariki 2001 akiwa ameona heshima hiyo kwa macho yake.

Sasa nirudi kwenye vita. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba kati ya 1942 na 1945 Gibson ilisimamisha magitaa ili itengeneze vifaa vya jeshi, na kwamba machache yaliyouzwa yalikuwa kazi ya mafundi waliobobea wasioweza kwenda vitani. Magitaa ya miaka hiyo yana utepe uliochorwa kichwani wenye maneno ya kujisifu kwamba ni Gibson pekee inayotosha, na J-45, lililotoka 1942, ni mojawapo ya magitaa makavu yanayopendwa kuliko yote duniani. John Thomas, profesa wa sheria na mpenzi wa magitaa, aliiona picha ya mwaka 1944 inayoonyesha makumi ya wafanyakazi wamepangwa mbele ya kiwanda. Karibu wote ni wanawake. Akaanza kuwatafuta.

Aliwapata wachache waliokuwa hai, wazee sana, na kumbukumbu walizompa zikalingana na rekodi za usafirishaji za kampuni: magitaa yalitoka kwa maelfu katika vita vyote, na wengi wa walioyatengeneza walikuwa wanawake wa Kalamazoo walioajiriwa wanaume walipoitwa jeshini. Kampuni ilinyamaza, labda kwa kuhofia wateja wasingeamini mikono hiyo. Thomas aliyapiga magitaa hayo eksirei na kuyalinganisha na ya kabla na baada ya vita. Mbao za wanawake zilikuwa zimepunguzwa kwa uangalifu zaidi, na mbavu za ndani zilikuwa zimelainishwa kuliko kawaida. Vita vilipokwisha wanaume walirudi, wengi wa wanawake hao wakaenda majumbani, na habari zao zikazimwa kwa zaidi ya miaka sitini.

Wengi wao hawakuwa wamewahi kushika msasa wa gitaa kabla ya 1942, na walijifunza kwa muda mfupi. Mtu anaweza kuchukua hilo kama ushahidi kwamba kazi ile ilikuwa nyepesi na ingeweza kuhamishiwa popote, kama Norlin ilivyofikiri. Mimi naliona kinyume. Wanawake wale waliingia katika jengo ambamo vielelezo vilikuwa vimetundikwa ukutani, mashine zilikuwa mahali pake na wasimamizi wa zamani walikuwa bado wapo wa kuwaonyesha, tena siku hiyo hiyo, mahali walipokosea. Kijana wa Nashville aliyeajiriwa 1975 alipewa kiwanda kipya na idadi ya kufikisha kabla ya jioni. Tofauti ya magitaa ya vita na yale ya Norlin naiona hapo, na ni makosa kuwalaumu vijana hao kwa gitaa zito waliloagizwa walitengeneze.