Hewa ya Ukaa na Lishe ya Nafaka

Kwa karne mbili hewa ya ukaa ilihesabiwa kuwa chakula cha mimea na basi. Mwaka 1804 mwanakemia Nicolas-Théodore de Saussure wa Geneva alionyesha kuwa mimea huijenga miili yake kwa kaboni inayotokana na hewa hiyo, na katika karne ya 20 wakulima wa vitalu nyumba waliipuliza makusudi ili nyanya na matango yazae zaidi. Mavuno yalipimwa kwa mizani. Kilichomo ndani yake hakikuulizwa sana.

Huko nje, hewa yenyewe ilikuwa ikibadilika. Kabla ya enzi ya viwanda ilikuwa na takriban sehemu 280 za ukaa katika kila milioni. Mwanasayansi Charles David Keeling alipoanza kuipima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, zilikuwa kama 315. Leo zimepita 420.

Je, ukaa huo mwingi hubadilisha kilichomo ndani ya nafaka? Jibu lilitafutwa shambani. Huko Shizukuishi, Japani, mwaka 1998 mabomba yalizungushwa juu ya majaruba ya mpunga. Kipima upepo kiliamua bomba lipi lifunguliwe, gesi itoke upande unakovuma upepo na kupita juu ya mimea. Hapakuwa na ukuta wala paa: mvua, jua na wadudu viliingia kama kawaida, na hapo ndipo penye uzito wa ushahidi huu.

Mwaka 2014 mtafiti Samuel Myers na wenzake walikusanya matokeo ya mashamba kama hayo ya Japani, Australia na Marekani. Ukaa ulipofikishwa sehemu 550 hivi, ngano ilipungukiwa zinki kwa asilimia 9, protini 6 na madini ya chuma 5. Mpunga, soya na njegere navyo vilipoteza zinki na chuma. Mahindi na mtama, ambayo hunasa kaboni kwa njia nyingine, hayakuguswa sana. Sababu mojawapo ni kwamba mmea hujaza wanga mwingi kuliko madini ambayo mizizi inaweza kuyaleta.

Si kila upungufu ni wa hewa. Ngano iliyohifadhiwa Rothamsted, Uingereza, tangu miaka ya 1840 ilidumu na zinki yake hadi miaka ya 1960, zilipoingia mbegu fupi zenye mavuno makubwa.

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya aina 18 za mpunga zilizokuzwa kwenye ukaa mwingi China na Japani: katika baadhi yake vitamini B1 ilishuka kwa wastani wa asilimia 17 na folati kwa 30. Hasara hiyo huwaangukia kwanza maskini, ambao sahani yao ni wali mwingi na kitoweo kidogo.