Nyoyo si ya jadi vile mnadhani, na madondo si chakula cha bure

Kila nikiposti sufuria ya nyoyo, lazima mtu wa Nairobi aulize, "Hiyo si ni githeri tu?" Halafu mtu wa Rongo anamjibu kwa hasira: hiki ni chakula cha mababu, heshimu jadi. Leo nabishana na nyote wawili, kwa upendo.

Nyoyo ni mahindi na maharagwe, oganda kwa Dholuo. Yote mawili asili yake ni Amerika. Yalifika pwani yetu na Wareno kwenye karne ya 16. Chakula cha zamani zaidi huku ni bel na kal, yaani mtama na wimbi, pamoja na kunde, ambayo ni ya Afrika kabisa.

Mahindi yalishika Nyanza kwa nguvu wakati wa mkoloni. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na kuanzia 1907 mkuu wa mkoa, John Ainsworth, akasukuma watu wapande mbegu mpya. Wakati huohuo kodi ya nyumba ilidai pesa, kwa hivyo wanaume wengi wa South Nyanza, ambayo leo ni Migori na Homa Bay, wakatoka kutafuta kibarua. Waliobaki na shamba, watoto na moto ni akina mama.

Hapo kwa moto ndipo nataka tukae kidogo. Maharagwe makavu huchemka saa mbili, hata tatu. Lazima mtu awepo, aongeze kuni, aongeze maji. Tunayaita chakula cha bei rahisi kwa sababu hatujawahi kuhesabu saa za mama, wala mzigo wa kuni kichwani mwake. Moto ukikosekana utajua thamani yake: kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, unga wa mahindi usioiva vizuri ulichangia maradhi ya tumbo yaliyoua wapagazi wengi wa Kariakoo.

Kwa hivyo kupika madondo kwa akili ni kuheshimu huo moto. Mimi niliacha chuo, bajeti naijua. Nafanya hivi:

Loweka usiku kucha, mwaga hayo maji, weka mengine. Chemsha kwa moto mkali angalau dakika 10, hasa yale mekundu, maana yakiwa mabichi yanaumiza tumbo. Endelea nusu saa hivi, kisha funika sufuria, ifunge kwa blanketi ndani ya kapu na uende shughuli zako. Joto litafanya kazi bila gesi. Ukirudi, malizia motoni mpaka yalainike. Nyanya na ndimu ziingie mwisho, kwa sababu uchachu huchelewesha kulainika. Magadi yanasaidia, lakini weka chembe tu. Yakizidi yanaharibu vitamini B na ladha inakuwa ya sabuni.

Chemsha kilo nzima mara moja, kisha gawanya. Leo nyoyo ya kukaanga na kitunguu. Kesho ponda na viazi vitamu vya Kabondo, vile majirani Waluhya hufanya mushenye. Kesho kutwa weka tui la nazi kama watu wa Pwani, au kula chapo madondo. Angalia hiyo sahani: chapati ilikuja na Wahindi, maharagwe yakatoka Amerika, jina likazaliwa mtaani Nairobi. Na hakuna mtu amewahi kuuliza kama ni ya jadi.

Jadi ya kweli hapa ni ile akili ya dani zetu: walipewa mbegu ngeni, kuni chache na nyumba imejaa watoto, na bado wakatoa chakula ambacho leo tunaapa ni cha tangu zamani.

Kwa hivyo vijana wenzangu wa kiume mnaopigania utamaduni kwa komenti, leo usiku nani analoweka?