Mazabodi ya bei nafuu: ipi inaruhusu kuongeza kasi?

Ukiunga kompyuta ya mezani ya kuhariri video za harusi, fedha nyingi huenda kwenye prosesa. Lakini mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote, ndiyo inayoamua kama prosesa itaongezwa kasi kupita ilivyowekwa kiwandani.

Kwa AMD Ryzen za soketi ya AM4, soma jina la chipseti kwenye boksi. A320 na A520 haziruhusu. B450 na B550 zinaruhusu. Kwa macho zinafanana, na muuzaji asipoulizwa hasemi.

Kisha tazama kando ya soketi. Vile vipande vya alumini vyenye mifereji hupoza sehemu inayoilisha prosesa umeme. Visipokuwepo, ukiongeza kasi joto linapanda, na kompyuta inajipunguzia kasi yenyewe. Sisi tungeacha taa za rangi tukalipia vipande hivyo.

B450 ilitoka 2018, Ryzen 5000 ikaja 2020. Ukiviunganisha, muuzaji asasishe bayosi na aiwashe kompyuta mbele yako. Ikigoma ukiwa umefika nyumbani, nauli ya kurudi mjini ni yako.