Sakaki, Mti Uliokwenda Vitani

Sakaki ni mti wa Japani ambao majani yake hubaki mabichi mwaka mzima. Matawi yake hutolewa kama sadaka katika mahekalu ya Shinto, hivyo Mjapani akilisikia jina hilo hukumbuka ibada kabla ya kukumbuka msitu. Mwaka 1915 jina hilo lilipewa manowari ndogo iliyoundwa Sasebo. Ilikuwa na tani 665, urefu wa mita 83, mzinga mmoja mkubwa, minne midogo, na mabaharia 92 waliobanana ndani yake. Ilikuwa moja ya manowari kumi za aina ya Kaba, zilizoagizwa kwa haraka vita vilipolipuka Ulaya na kukamilika zote ndani ya miezi michache. Kila moja ilibeba jina la mti: Matsu ni msonobari, Sugi ni mwerezi, Kusunoki ni mkafuri.

Hakuna aliyeziunda akifikiri zitaishia Mediterania. Japani iliingia vitani Agosti 1914 kwa kuwa ilikuwa na mkataba na Uingereza tangu 1902, na mwaka huohuo ikaitwaa ngome ya Wajerumani ya Qingdao nchini China, pamoja na visiwa vyao vya Pasifiki ya kaskazini. Uingereza ilipoomba manowari za kuja Ulaya, Tokyo haikuwa na haraka. Mambo yalibadilika mwanzoni mwa 1917. Tarehe 1 Februari Wajerumani walizipa nyambizi zao ruhusa ya kuzamisha meli yoyote bila onyo, na mwezi huohuo Uingereza ikaahidi kwa siri kuunga mkono madai ya Japani juu ya Shandong, jimbo ulipo Qingdao, na visiwa vile. Basi msaada ule ulikuwa na bei yake, na bei ililipwa kwa ardhi ya watu ambao hawakuulizwa. Hilo halipunguzi ushujaa wa mabaharia waliotumwa, lakini historia yao haiwezi kuandikwa bila kulitaja.

Msafara wa Wajapani ulipita Singapore, Colombo na Aden, ukapanda Bahari ya Shamu na kuvuka Mfereji wa Suez. Katikati ya Aprili 1917 ukatia nanga Malta: meli ya amiri, Akashi, ikiwa na manowari nane zenye majina ya miti. Mkuu wao alikuwa Admeri Satō Kōzō. Walifika katika mwezi mbaya kuliko yote. Aprili hiyo peke yake, dunia nzima, meli zenye jumla ya tani zaidi ya 800,000 zilikwenda chini.

Sakaki ilipangiwa kusafiri na Matsu, na tangu hapo huwezi kuisimulia moja bila nyingine. Tarehe 4 Mei zilikuwa zikiisindikiza Transylvania, meli kubwa ya abiria iliyogeuzwa ya kubebea askari, kutoka Marseille kwenda Alexandria na watu wapatao 3,000. Saa nne asubuhi, maili chache kutoka rasi ya Vado kwenye ghuba ya Genoa, nyambizi ya Kijerumani U-63 iliipiga kwa topido. Matsu ikajisogeza ubavuni mwa meli iliyojeruhiwa ili askari waruke ndani yake. Sakaki ikabaki kuzunguka, raundi baada ya raundi, kuilazimisha nyambizi isiinue kichwa. Dakika ishirini baadaye topido ya pili ilionekana ikikata maji moja kwa moja kuelekea Matsu. Nahodha alirudisha meli nyuma kwa nguvu zote za mashine. Topido ikapita na kugonga Transylvania, nayo ikazama upesi.

Walikufa watu 412. Wengi wa waliopatikana wamezikwa Savona, Italia. Waliosalia walizidi 2,500, na hao waliokolewa na zile manowari mbili ndogo, kwa msaada wa mashua zilizotoka pwani.

Juni 11 zamu iliiangukia Sakaki yenyewe. Ilikuwa ikirudi na Matsu katika maji ya kati ya Krete na Ugiriki bara, na iliyowavizia safari hii haikuwa nyambizi ya Mjerumani. Ilikuwa U-27 ya Austria-Hungaria, chombo cha urefu wa mita 37 tu, mabaharia 23, ambacho hakikuwa kimetimiza hata miezi minne kazini. Topido ilipiga upande wa omo. Sehemu yote ya mbele ikang'oka pamoja na daraja la nahodha. Watu 59 walikufa, miongoni mwao nahodha Uehara Taichi. Katika mabaharia 92, hao ni karibu wawili katika kila watatu.

Nusu iliyobaki ilikataa kuzama. Manowari ya Kiingereza, Ribble, ilifika kusaidia, na Sakaki ikavutwa hadi ghuba ya Suda, Krete. Baadaye ilipelekwa Piraeus, ikaundiwa omo mpya, na kurudi kazini kabla vita havijaisha. Mtu aweza kuuliza kwa nini watu walijisumbua kufufua kipande cha meli ya tani 665. Jibu liko katika uhaba: vyombo vya kusindikiza vilikuwa vichache mno kiasi kwamba Waingereza waliwakabidhi Wajapani manowari zao mbili wenyewe, zikaitwa Kanran na Sendan, majina ya miti tena.

Kazi yenyewe haikuwa na fahari. Ni kutembea kando ya meli iendayo polepole, kukodolea macho maji usiku kucha, kuchochea makaa, kutia nanga, kujaza makaa tena na kuondoka. Manowari za Kijapani zilikuwa baharini siku 72 katika kila 100; za Waingereza 60; za Wafaransa na Wagiriki 45. Hesabu ya kikosi hadi mwisho ni safari 348 za kusindikiza, meli 788 na watu wapatao 700,000. Kwangu mimi takwimu ya siku 72 ina uzito kuliko hadithi yoyote ya mapambano.

Katika makaburi ya wanamaji huko Kalkara, Malta, umesimama mnara wa Wajapani waliokufa katika kazi hiyo, na waliokuwa ndani ya Sakaki ndio wengi. Mwanamfalme Hirohito aliuzuru Aprili 1921. Sakaki ilikuwa imesharudi nyumbani, na mwaka 1932 ikafutwa katika orodha ya jeshi.

Walioifuta hawakufuta chuma peke yake; walifuta na somo lake. Ripoti kutoka Malta zilikuwa zimefika Tokyo, lakini maofisa wa kizazi kilichofuata walivutiwa na pambano moja kubwa la manowari nzito. Kulinda meli za mizigo kulionekana kazi ya daraja la chini. Japani iliingia vita vya Pasifiki Desemba 1941 ikiwa na manowari nne tu za kusindikiza, za aina ya Shimushu, nazo zilikusudiwa kwanza kulinda uvuvi wa kaskazini. Kamandi kuu ya usindikizaji iliundwa Novemba 1943, wakati nyambizi za Marekani zilikuwa zimekwisha kula sehemu kubwa ya meli zilizoleta mafuta na mchele.

Ndipo viwanda vikaanza tena kuunda manowari ndogo kwa haraka, na majina ya miti yakarudi: Ume, Sugi, Momo, Kaede. Ya kwanza yao iliitwa Matsu, ikakamilika Aprili 1944. Tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, ikisindikiza msafara karibu na kisiwa cha Chichijima, ilikutana na manowari tatu za Marekani, ikazamishwa. Ilikuwa na umri wa miezi mitatu na siku chache.