Ceres
Ceres ni asteroidi kubwa kuliko zote katika ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Tangu 2006 huhesabiwa pia kuwa sayari kibete. Mwanaastronomia Giuseppe Piazzi aliiona Palermo, Sisilia, tarehe 1 Januari 1801, akaipa jina la mungu wa kike wa nafaka wa Waroma. Lakini kuiona hakukutosha, kwani baada ya wiki chache ilipotelea kwenye mwanga wa Jua. Mwanahisabati Carl Friedrich Gauss alikokotoa obiti yake, yaani njia yake kuzunguka Jua, kwa vipimo vichache vya Piazzi, na Desemba mwanaastronomia Franz Xaver von Zach akaikuta karibu na pale hesabu zilipoelekeza. Yupo atakayesema kwamba bila Piazzi, Gauss asingekuwa na cha kukokotoa. Ni kweli, ila Piazzi mwenyewe aliitangaza kwanza kuwa nyotamkia, na obiti aliyokokotoa Gauss ndiyo iliyoamua vingine. Ceres hulizunguka Jua kwa miaka 4.6, kwa umbali wa wastani wa vizio astronomia 2.77.